Pilipili ya Jirani

Iko methali ya pwani ambayo kila mmoja wetu aijua: "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Wazee huitumia kumwonya mtu ajitiaye katika mambo yasiyomhusu, na kwa kazi hiyo ni methali njema. Walakini mwezi huu twapenda kuwasimulia jambo lililotupata nyumbani kwetu. Lilitufundisha ya kuwa pilipili ya jirani yaweza kukuwasha hata kama hujaionja, na ya kuwa dawa yake si kukaa mbali nayo, bali ni kuketi na kuila pamoja na mwenyewe.

Sisi twakaa mjini Tanga, katika nyumba ya chini. Juu yetu, ghorofani, wakaa jamaa ya Kihindi ambao asili yao ni Kathiawar, katika nchi ya Gujarati. Wao wamezaliwa papa hapa, na baba zao vile vile; Kiswahili chao hakina tofauti na chetu. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja tuliamkiana nao ngazini kila asubuhi, tukaazimana nyundo na mwavuli, tukapeana pole wakati wa misiba. Lakini kula pamoja hatukupata kula hata siku moja. Wala haikuwa kwa ugomvi. Ilikuwa desturi tu: wao walikula juu, sisi tulikula chini, na harufu za vyungu vyetu zikapishana ngazini kama watu wasiojuana.

Binti yao na binti yetu husoma darasa moja. Siku moja, mwaka juzi, binti yetu alirudi kutoka shuleni akiwa kimya, akala kidogo, kisha akasema, "Mwenzangu wa juu hali tena chakula chake shuleni. Hukirudisha nyumbani, au hukimwaga njiani." Tukamwuliza sababu. Akasitasita, ndipo akaeleza ya kuwa mtoto yule akifungua kibati chake, wenzake hushika pua na kucheka, wakisema kwamba chakula chake chanuka. Tukamwuliza, "Na wewe je, ulifanya nini?" Akainamisha kichwa. Akasema, "Nami nilishika pua."

Tulitazamana, mume na mke, wala hatukuwa na neno la kumkaripia. Maana mtoto hakuokota jambo lile shuleni. Mara ngapi sisi wenyewe, tukipanda ngazi na mizigo yetu ya soko, tulisema, "Leo juu wanapika kile cha kwao," tukacheka? Tulifikiri ni mzaha mdogo, usiomdhuru mtu. Kumbe mzaha ule ulikuwa umetoka mlangoni petu, ukavaa nguo za shule, ukaenda kumnyima chakula mtoto wa jirani.

KARAMU TATU

Jioni ile tulipanda juu kuomba radhi. Mama wa nyumba alitusikiliza hata mwisho, asikasirike. Alisema hivi: "Mwalimu, najua. Ningaliweza kumpa mkate na siagi kama watoto wengine, na mume wangu ametoa shauri hilo. Lakini nikifanya hivyo, mtoto atajifunza kwamba chakula cha bibi yake ni jambo la kufichwa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Jumapili jioni njooni mle. Mje wote, na mzee wenu."

Basi tukaenda. Mama yule alikuwa amepika kama wapikavyo kwao Kathiawar: mikate ya uwele iliyochomwa juu ya moto, biringani lililochomwa zima likapondwa pamoja na vitunguu, viazi vya kukaanga na haradali, mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa, wali, achari ya maembe mabichi, na chatini nyekundu ya kitunguu saumu na pilipili kavu. Mzee wetu, ambaye amepita miaka sabini na hapendi kuelezwa mambo, aliona chatini ile akadhani ni nyanya. Akachota kijiko tele, akakitia kinywani.

Ndugu zetu, machozi yalimtoka mzee kama mtu aliyefiwa. Akashika bilauri ya maji, akanywa yote, na moto ukazidi. Akanywa ya pili, ukazidi tena. Mama wa nyumba akasimama, mikono kichwani, karibu kulia yeye mwenyewe. Ndipo bibi wa nyumba ile, ambaye watoto humwita Ba, akatoka jikoni polepole na bakuli la mtindi. Akamwambia, "Kunywa hii, kaka. Maji hayajui kazi hii." Mzee akanywa, akatulia, akafuta uso. Lakini karamu ilikuwa imekwisha kuharibika. Kila mtu alikula kwa hofu, na mama yule hakula kabisa.

Mara ya pili, baada ya majuma matatu, alitualika tena. Safari hii aliogopa mno. Aliondoa pilipili yote, na kwa kuwa hofu haina kipimo, aliondoa na tangawizi, na haradali, na karibu viungo vyote. Tulikula, tukashukuru kwa adabu. Mzee wetu, ambaye hawezi kusema uongo hata wa heshima, akasema, "Mwanangu, hiki ni chakula cha mtu aliyetoka hospitali jana." Tulicheka sote, naye akacheka, lakini tuliona ya kuwa neno lile lilimchoma. Akasema, "Niliogopa kuwaumiza, nikawapa kitu ambacho si changu."

Tulilifikiri sana neno hilo njiani tukishuka ngazi. Maana mwenyeji aweza kukosa kwa njia mbili. Aweza kumtwika mgeni vyote alivyo navyo, bila kuuliza kama aweza kuvichukua. Tena aweza kujificha, akamwekea mgeni chakula kisicho na mtu ndani yake. Katika njia zote mbili mgeni harudi nyumbani na urafiki.

Mara ya tatu ndiyo iliyokuwa karamu ya kweli. Chakula kilikuwa kile kile cha siku ya kwanza, chenye viungo vyake vyote. Lakini pilipili ilikuwa imetengwa katika vibakuli vidogo, na mtindi umewekwa katikati ya meza, na Ba akamwonyesha kila mtu kipi ni kikali na kipi si kikali. Mzee wetu alikula mikate minne. Mwisho, kwa hiari yake mwenyewe, akachovya ncha ya mkate katika ile chatini nyekundu, akatabasamu kama mtu aliyepatana na adui yake.

VIUNGO SI PILIPILI

Watu wengi hudhani ya kuwa chakula cha Kihindi ni pilipili tu. Hili ni kosa, nasi tulikuwa nalo. Kukolea ni jambo moja, kuwasha ni jambo jingine. Manjano, jira, giligilani, haradali, iliki, mdalasini, karafuu na uwatu vyote ni viungo, wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo kiwashacho kama pilipili. Waweza kuondoa pilipili yote katika chungu cha Kihindi, na chungu kikabaki cha Kihindi. Lakini ukiondoa viungo, umeondoa lugha yenyewe.

Tena India si nyumba moja. Katika jimbo la Andhra Pradesh, ambako soko la pilipili la mji wa Guntur lina sifa kubwa, watu hupenda chakula kikali sana. Watu wa Bengali hupenda samaki na mafuta ya haradali; watu wa Kerala hupika kwa nazi, kama sisi wa pwani. Katika Gujarati michuzi mingi hutiwa sukari guru kidogo, hata utamu, uchachu na ukali hukutana katika kijiko kimoja. Ila watu wa Kathiawar hupenda kitunguu saumu na pilipili kuliko jirani zao. Wako Wajaini ambao, kwa dini yao, hawali vitunguu, wala kitunguu saumu, wala viazi. Basi mtu asemaye, "Mimi sili chakula cha Kihindi," ni kama mtu asemaye hali chakula cha Afrika. Twamwuliza: kipi?

Na ile harufu iliyowachekesha watoto? Yatoka katika mvuje, utomvu mkavu wa mmea ambao hasa huletwa kutoka Afghanistani na Uajemi. Ukiwa mbichi hunuka vibaya, hatuwezi kukana. Lakini chembe yake ikitiwa katika samli ya moto, harufu hugeuka, ikawa kama ya kitunguu kilichokaangwa vizuri. Wale wasiokula vitunguu huutumia badala yake. Wazee wetu wa pwani waujua mvuje kama dawa; Wahindi waujua kama kiungo. Kitu ni kimoja, lakini kila nyumba imekipa kazi yake.

KWA NINI MAJI HAYASAIDII

Wako wasomaji watakaopenda kujua siri ya bakuli la Ba. Ukali wa pilipili hutokana na kitu kiitwacho kapsaisini. Hakikai hasa katika mbegu, kama wengi wadhanivyo, bali katika ule utando mweupe wa ndani unaozishika mbegu. Kitu hiki hakiyeyuki vizuri katika maji, bali katika mafuta. Kwa hiyo mtu anywapo maji, huutandaza moto kinywani mwote, kama alivyofanya mzee wetu. Maziwa na mtindi vina mafuta, tena vina protini iitwayo kasini ambayo hukishika kile kikali na kukiondoa ulimini.

Jambo la ajabu ni kwamba pilipili haichomi kitu kinywani kama moto uchomavyo. Mwaka 1997 mtaalamu David Julius na wenzake, huko San Francisco katika Marekani, waligundua mahali katika mishipa ya fahamu panaposhikwa na kapsaisini. Nao wakaona ya kuwa ni pale pale panapohisi joto la moto. Kwa hiyo ubongo hupokea habari kwamba kinywa kinaungua, na kumbe hakiungui. Kwa kazi hiyo Julius alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege hawana hisia hiyo. Hula pilipili pasipo kuumia, wakazitawanya mbegu zake. Tena mtu azoeaye pilipili tangu utoto huhisi ukali wake kwa uchache zaidi. Basi mwenyeji asidhani mgeni wake ni dhaifu, wala mgeni asidhani mwenyeji wake ni mkatili. Vinywa vyao vimelelewa mbalimbali, basi.

PILIPILI NAYO ILIKUWA MGENI

Jambo lililotushangaza kuliko yote ni hili: pilipili kali si mwenyeji wa India. Asili yake ni Amerika. Kabla ya karne ya 16 Wahindi hawakuijua. Ukali wa vyakula vyao ulitoka katika tangawizi, na haradali, na pilipili manga, ambayo ndiyo iliyo mzalia wa Malabar. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita Malindi, akapata huko rubani wa kumvusha bahari, akafika Calicut mwezi wa Mei. Mwaka 1510 Wareno waliutwaa mji wa Goa, na katika miaka iliyofuata merikebu zao zikaleta mimea ya Amerika: pilipili, na baadaye nyanya na viazi.

Huko Goa, watu walioupokea Ukristo walijifunza kwa Wareno kupika nyama ya nguruwe kwa divai na kitunguu saumu. Wakaweka siki badala ya divai, wakaongeza pilipili na viungo vya kwao, kikawa chakula kiitwacho vindaloo. Jina lake ni la Kireno, mkono wake ni wa Kihindi, na pilipili yake ni ya Amerika. Nani awezaye kusema ni chakula cha nani?

Nasi tusijisifu kwamba jikoni mwetu hamna mgeni. Maneno chapati, bajia, achari na kachumbari yalitujia kutoka India, na vyakula vyake vikaja nayo. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarati walikuwa Unguja zamani sana. Kisha, kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua wapata 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli ya kutoka Mombasa kwenda ziwani. Wapata 2,500 walikufa katika kazi hiyo, na wapata 6,700 walibaki baada ya reli kwisha. Ba alipoiona chapati yetu alicheka, akatuambia ya kuwa kwao chapati ni nyembamba, huokwa juu ya chuma pasipo mafuta. Hii yetu ya kukunjwa na kukaangwa wao huiita paratha. Basi tumekula chakula chao miaka yote, na hata jina tumelikosea, wala hatukuwahi kuwauliza.

Tena zawadi hizi zilivuka pande zote mbili. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka katika nchi ile. Wapata 28,000 walikwenda Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda kuwaonya wasije mjini humo. Lakini wengi walikwenda, na leo barabara ya Belgrave ya mji huo yajulikana kwa maduka yao na kwa sherehe za Diwali. Watu hao waliotoka Afrika ya Mashariki walipofika Uingereza hawakuacha mihogo. Wakaiita mogo, kwa neno letu, wakaikaanga na pilipili na ndimu. Hata leo huuzwa kwa jina hilo katika mikahawa yao. Walipoteza nyumba na maduka, ila neno la jikoni walikwenda nalo.

ZAMU YETU

Baada ya karamu ya tatu ilitupasa sisi kualika. Hapo ndipo tulipoona ya kuwa kupokea ni kazi nyepesi, na kutoa ni kazi ngumu. Jamaa wale hawali nyama, wala samaki, wala mayai. Sisi, tukitaka kumheshimu mgeni, twachinja kuku. Kumkaribisha mgeni bila kuku kulionekana kwetu kama kumtukana.

Tulimwuliza mama wa juu waziwazi, wala hakuona haya kutujibu. Alisema kwamba chakula kisicho na nyama si taabu kukipata; walakini sufuria iliyopikiwa nyama, na kisu kilichokata samaki, na mafuta yaliyokaanga dagaa, hayo ndiyo yangemsumbua Ba. Basi tulinunua sufuria mpya moja na mwiko mpya, tukaviweka kando, na hata leo ni vya wageni hao tu. Jirani mmoja alituambia tumepita kiasi. Sisi hatuoni hivyo. Sufuria ile haikutugharimu fedha nyingi kuliko kuku wawili, nayo haijaisha.

Tulipika wali wa nazi, mchicha, ndizi mbivu, na mbaazi za nazi. Ba alikaa, akachota mbaazi kidogo, akaonja. Akanyamaza. Akaonja tena, akamwambia mkwewe maneno kwa Kigujarati, nao wakacheka. Tukauliza kuna nini. Akasema, "Hii ni ile ile ya kwetu! Sisi twaikoboa na kuitia manjano, ninyi mwaipika nzima na nazi." Tulikuwa tumekula mchuzi wake mara tatu pasipo kujua kwamba ni mbaazi zetu, maana zilizokobolewa na kupasuliwa huonekana manjano, kama kitu kingine kabisa.

Na kweli, mbaazi nyingi za Lindi, Mtwara na Manyara huvuka bahari kwenda India, kwa kuwa huko huliwa karibu kila siku. Mwaka 2017, Serikali ya India ilipoweka kipimo cha mbaazi za kuingizwa, bei ilianguka, na wakulima wetu wakaumia sana. Basi chungu cha mama wa Kathiawar na shamba la mkulima wa Lindi vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja siku nyingi. Waliokuwa mbalimbali ni sisi tu, tuliokaa nyumba moja.

NAMNA YA KUPIKA MBAAZI ZA BA

Tumepewa ruhusa kuwaandikia. Chukua kikombe kimoja cha mbaazi zilizokobolewa, zioshe, ziloweke nusu saa. Zichemshe katika vikombe vinne vya maji, pamoja na nusu kijiko kidogo cha manjano, hata zilainike kabisa. Kisha zipige kwa mwiko ziwe kama uji mwepesi. Tia chumvi, nyanya moja iliyokatwa, kipande cha tangawizi iliyopondwa, sukari guru kiasi cha kijiko kidogo, na maji ya ukwaju au ndimu. Acha zichemke polepole dakika kumi.

Sasa pasha vijiko viwili vikubwa vya samli katika chombo kidogo. Tia kijiko kidogo cha haradali. Ikianza kupasuka-pasuka, tia nusu kijiko cha jira, chembe ya mvuje, na pilipili kavu moja. Pilipili hiyo iache nzima, usiikate. Hivyo hutoa harufu yake na ukali mchache, na mgeni aweza kuitoa katika sahani. Mimina samli hiyo yote juu ya mbaazi, funika mara moja ili harufu isitoroke, kisha nyunyiza majani ya kotmiri. Kula kwa wali.

SHAURI LETU

Kwa nyumba zitakazopenda kujaribu jambo hili, na kwa walimu ambao wana watoto wa makabila mengi katika darasa moja, twatoa mashauri machache tuliyojifunza kwa kukosea.

1. Uliza kabla ya kupika. Swali, "Ni kipi msichokula?" si fedheha. Fedheha ni mgeni kukaa mbele ya sahani asiyoweza kuigusa.

2. Viungo viwe chunguni, pilipili iwe mezani. Hivyo kila mtu atajipimia, na chakula kitabaki na jina lake.

3. Usiufiche upishi wako kwa kuogopa. Mgeni hakuja kula chakula chake mwenyewe kilichopikwa vibaya nyumbani kwako.

4. Mgeni aonje kidogo kwanza, asijaze kijiko. Na neno lake la kwanza lisiwe juu ya harufu.

5. Mtindi, wali na mkate viwe tayari. Hivyo ndivyo viuzimavyo moto, maji hayafai.

6. Mwalimu aangalie vibati vya watoto saa ya kula. Mtoto anayekula peke yake, au asiyekula kabisa, huenda hana ugonjwa wala uchoyo. Huenda anaona haya kwa sababu ya mama yake, na haya ya namna hiyo ikikua, haikomi kwenye chakula.

7. Tuangalie maneno yetu ngazini. Watoto husikia.

Mtatuuliza habari za mtoto yule. Hatutawaambia ya kwamba darasa zima liligeuka kwa siku moja; halikugeuka. Lakini siku iliyofuata karamu ya tatu binti yetu alikwenda kukaa karibu naye chini ya mwembe, akamwomba kipande cha mkate wake wa uwatu, akala mbele ya wenzake. Mmoja alicheka. Wa pili akasema, "Nami nipe nionje." Kwa muda wa mwezi mmoja mama wa juu alilazimika kupika mikate mingi kupita kawaida, akalalamika kwetu kwamba unga wamwishia, na tuliona usoni mwake kwamba malalamiko yale yalimpendeza.

Nasi siku hizi tukipanda ngazi jioni, harufu ya mvuje na haradali ikatupokea, husema kama zamani, "Leo juu wanapika." Ila sasa husimama kidogo mlangoni pao, kwa maana mara nyingi huenda tukaitwa.